Mzee anataka uwe daktari na wewe hutaki? Anza hivi

Kwanza usibishane siku matokeo ya form four yametoka, hapo simu za mashangazi haziishi, subiri jioni mama akiwa anachambua mchele ukae naye umsaidie, umwambie yeye kabla ya baba. Usiseme tu sitaki PCB (fizikia, kemia na baiolojia za form five na six), nenda na hesabu, udaktari ni miaka 5 chuo halafu mwaka 1 wa intanishipu, na useme unataka nini, kama ni EGM (uchumi, jiografia na hesabu) itakupeleka wapi. Mi nilinyamaza nikasoma PCB miaka 2 nalia usiku bwenini, tafadhali usifanye hivyo. Na uwahi, TAMISEMI, wizara inayopanga wanafunzi wa form five, wakifungua dirisha la kubadili tahasusi (yaani mchepuo wa masomo kama PCB) halikai sana, likifungwa ndo basi tena.