Kuomba nyumba ya kupanga Marekani ukiwa na rekodi ya jinai

Usilipe ada ya maombi kabla hujashika karatasi zako mwenyewe. Ada hiyo kwa kawaida hairudishwi. Nenda kwa karani wa mahakama iliyoamua kesi, uombe nakala iliyothibitishwa inayoonyesha kesi iliishaje, hasa kama ilifutwa au shtaka lilipunguzwa. Halafu mwandikie mwenye nyumba umuulize: ni makosa gani anayokataa, na anarudi nyuma miaka mingapi? Akijibu "inategemea", pesa yako ibaki mfukoni.

Fomu haina ugumu, ila soma swali vizuri. "Umewahi kukamatwa?" na "umewahi kutiwa hatiani?" ni maswali mawili tofauti. Jibu uliloulizwa tu, wala usidanganye: uongo ukigundulika hata baada ya kuhamia unaweza kukutoa.

Muda wote unaliwa na ripoti ya kampuni inayochunguza wapangaji. Kompyuta zao hulinganisha majina, basi unaweza kubebeshwa kesi ya mtu mnayefanana jina. Kesi moja inaweza kuandikwa mara tatu, na iliyofutwa bado ikawemo. Kwa sheria ya shirikisho, kukamatwa kusikozaa hatia hakupaswi kuonekana baada ya miaka 7. Hatia yenyewe haina kikomo, ingawa baadhi ya majimbo yameweka chao.

Ukikataliwa kwa sababu ya ripoti, ni lazima upewe notisi yenye jina na anwani ya kampuni hiyo. Ofisini watakwambia "mfumo umekataa", kana kwamba mfumo ndio unaopokea kodi. Idai notisi. Una siku 60 za kuomba nakala ya ripoti bure. Pinga kosa kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya mahakama. Kampuni kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza, na nyumba haisubiri siku 30, kwa hiyo siku hiyohiyo mpelekee mwenye nyumba nakala ileile.

Kwenye nyumba za umma, usikubali kuambiwa kwamba kila mwenye rekodi amefungiwa mlango. Wanaozuiwa moja kwa moja ni walio kwenye daftari la wakosaji wa ngono maisha yao yote, na waliotiwa hatiani kwa kutengeneza methamfetamini (dawa ya kulevya) ndani ya nyumba zinazofadhiliwa na serikali ya shirikisho. Aliyefukuzwa kwenye nyumba hizo kwa dawa za kulevya kwa kawaida husubiri miaka 3. Mengi yaliyobaki ni uamuzi wa ofisi inayosimamia nyumba hizo, kwa hiyo ambatisha barua ya mwajiri, ya afisa wa uangalizi na vyeti vya mafunzo. Wakikataa, andika barua kuomba kusikilizwa kabla ya tarehe iliyo kwenye barua yao, na utunze risiti ya posta.