Namna ya Kukusanya na Kuskani Kurasa Halisi za Katuni za Marekani

Anayetaka kununua ukurasa halisi wa kitabu cha katuni, yaani ile karatasi aliyoichora msanii kwa mkono kabla ya kitabu kupigwa chapa, hana budi kujua kwanza jinsi kurasa hizo zilivyokuwa zikitengenezwa. Huko Marekani msanii huchora kwa penseli kwenye karatasi nene ya Bristol, kisha yeye mwenyewe au mwenzake hupitisha wino mweusi. Hadi takriban mwaka 1967 eneo la mchoro lilikaribia inchi 12 kwa 18. Baada ya hapo likapunguzwa kuwa inchi 10 kwa 15, kwenye karatasi ya inchi 11 kwa 17. Kwa hiyo ukurasa wa kitabu cha mashujaa unaodaiwa kuwa wa mwaka 1963, ilhali una kipimo hiki kidogo, usilipiwe kabla muuzaji hajatoa maelezo ya kuridhisha.

Uinamishe ukurasa karibu na dirisha ili mwanga uupitie kwa ubavu. Utaona rangi nyeupe ya kufichia makosa ikiwa imeinuka kidogo, mikwaruzo ya penseli ambayo kifutio hakikuimaliza, na pengine vipande vya maneno vilivyobandikwa kwa gundi ambayo sasa imegeuka manjano. Nakala iliyotoka kwenye printa haina miinuko hiyo, na ukiitazama kwa lenzi ya kukuzia utakuta vitone vidogo vya rangi. Siku hizi, hata hivyo, wapaka wino wengi hufanya kazi juu ya nakala ya penseli iliyochapwa kwa rangi ya buluu hafifu. Wino huo ni halisi, lakini penseli iko kwenye karatasi nyingine, na kwa maoni yangu bei inapaswa kulionyesha jambo hilo. Kumbuka pia kwamba kununua karatasi si kununua haki ya kuuchapisha mchoro wake.

Katika kuskani, wengi huchagua rangi nyeusi na nyeupe tupu kwa sababu mchoro ni wa wino mweusi. Hapo hupotea karibu kila kinachoutofautisha ukurasa huo na kitabu kilichochapwa. Skani kwa rangi kamili, nukta 600 kwa inchi, na uzime marekebisho yote ambayo programu huyafanya yenyewe, maana ndiyo yanayofuta penseli ya buluu, ambayo baadhi ya wasanii huchorea rasimu, na kuing'arisha karatasi iliyozeeka. Faili la ukurasa wa inchi 11 kwa 17 litakuwa na pikseli 6,600 kwa 10,200, takriban megabaiti 200. Lihifadhi kama TIFF, muundo wa faili usiopunguza ubora wa picha, na nakala ya JPEG uiweke kwa ajili ya kuwatumia watu.

Skana ya A3 ina urefu wa milimita 420, ilhali ukurasa wa inchi 17 una 432. Milimita 12 zinazobaki nje huonekana si kitu, lakini pambizoni ndiko mhariri alikoandika maagizo na tarehe, kwa hiyo skani mara mbili, sehemu zote mbili zikipishana vya kutosha, kisha uziunganishe kwa programu. Usiugeuze ukurasa juu chini katika mara ya pili, kwa kuwa taa ya skana hutoka upande mmoja na vivuli vya vipande vilivyobandikwa havitalingana. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua skana ya CCD (aina ya kihisi kinachotumia lenzi), ambayo huona vizuri hata kitu kisichogusa kioo. Zile nyembamba za CIS, ambazo kihisi chake kiko karibu kabisa na kioo, hukitia ukungu. Kamwe usiupitishe ukurasa kwenye skana inayovuta karatasi.

Skani na upande wa nyuma, wenye mihuri na saini. Kipande kilichobanduka usikirudishie gundi: kiweke katika bahasha isiyo na asidi pamoja na ukurasa wake, na ukurasa wenyewe ukae katika mfuko wa poliesta, si wa plastiki ya PVC, mbali na jua.