Malisho ya Kipupwe: Kupanda Oti na Vechi Kabla Mvua Haijakatika

Mfugaji wa Njombe au Makete, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, anaijua vizuri miezi ya Juni, Julai na Agosti, kwani mvua huwa imekatika tangu Mei, matete yamedumaa kwa baridi, na asubuhi nyingine sakitu, yaani umande ulioganda, hulala mabondeni ikaunguza kila jani laini. Miezi hiyohiyo shamba lililovunwa hubaki uchi, likipigwa na jua na upepo mpaka Novemba. Oti, nafaka ya baridi iliyo ndugu wa ngano na shayiri, pamoja na vechi, mmea mwembamba utambaao wa jamii ya mikunde, hufunika udongo huo na kumlisha mbuzi, kondoo na sungura kwa wakati mmoja, ila kwa sharti kwamba vipandwe mvua ingali inanyesha.

Sharti hilo ndilo linalowashinda wengi, nami nikiwamo, kwa maana mwaka wa kwanza nilisubiri nimalize kuvuna mahindi ndipo nikapanda mwezi Juni. Mbegu ziliota, zikafika urefu wa kidole, zikasimama hapo hadi mbuzi wa jirani alipozimaliza. Panda kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili. Mahali pazuri kuliko pote ni palipotoka viazi, kwa kuwa udongo umekwisha kulainishwa na kwa kawaida hubaki na sehemu ya mbolea ya msimu. Asiye na shamba la viazi apande katikati ya mistari ya mahindi majani ya chini yanapoanza kukauka, kwa sababu wakati huo mwanga unafika ardhini na mahindi hayadhuriki tena kwa ushindani.

Kabla ya kupanda, ipime mbegu, hasa ikiwa imenunuliwa sokoni au imekaa stoo muda mrefu. Hesabu punje 100, zitandaze juu ya kitambaa kilicholowa, kikunje, ukiweke ndani ya nyumba na kukinyunyizia maji kila siku, kisha siku ya saba uhesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, ongeza kiasi cha mbegu. Zikiwa chini ya 50, usipoteze nguvu zako. Kwa robo eka, kilo 8 za oti na kilo 2 za vechi zinatosha.

Vunja mabonge, chora mifereji yenye kina cha sentimita 3 na umbali wa sentimita 25 kutoka mmoja hadi mwingine, tia samadi iliyooza vizuri, changanya mbegu zote mbili, fukia na kushindilia kidogo kwa mguu ili punje zigusane na udongo wenye unyevu. Katikati ya mistari ya mahindi hutosha mifereji miwili. Palilia mara moja baada ya wiki tatu au nne. Baadaye oti yenyewe huyafunika magugu, na vechi hupata mahali pa kuparamia. Uzio ushughulikie mapema, maana mavuno yakiisha mifugo mingi huachiwa huru, na kijani pekee kilichobaki kijijini kitakuwa chako.

Kuhusu kukata, mimi hugawa shamba mara mbili. Nusu ya kwanza huikata kabla masuke hayajatokeza, nikiacha shina la sentimita 8 hadi 10 ili oti ichipue tena. Majani haya ni laini na yanawafaa sungura. Nusu ya pili huingoja mpaka punje ikiminywa itoe maziwa, kwa sababu hapo uzito wa malisho ni mkubwa zaidi ingawa machipukizi yatakuwa haba. Ili ujue ulichonacho, kata mita moja ya mraba na uipime kwa mizani. Ikitoa kilo 2, robo eka, ambayo ni kama mita 1,000 za mraba, ina takriban tani 2. Mbuzi wa kilo 30 anayetegemea majani hayo pekee huhitaji kama kilo 5 kwa siku, hivyo mbuzi wanne wataishi nayo siku 100, au kama siku 65 ukiacha theluthi moja kwa ajili ya udongo.

Usimpe mnyama majani yenye umande au barafu ya sakitu. Yakate jua likiisha kupanda, yanyaushe kwa saa kadhaa, na umtangulizie mbuzi mabua makavu, kwani vechi mbichi ikiliwa kwa pupa juu ya tumbo tupu inaweza kumfanya avimbe tumbo. Sungura aanzishiwe kidogo kidogo asije akaharisha. Simbilisi, wanyama wadogo wafugwao wa jamii ya panya, ambao mwili wao hauwezi kujitengenezea vitamini C, wanahitaji kijani kila siku hata baridi ikizidi. Kuku waruhusiwe kudonoa oti changa, lakini wasifike kwenye vechi iliyotoa maganda, kwa maana mbegu zake zina sumu kwao.

Kinachozidi kianikwe kiwe hei, yaani majani makavu ya akiba. Kigeuze mara kwa mara bila kukipukutisha majani ya vechi, kisha ukishindilie katika sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Robota moja, yaani furushi moja la hei, litakaribia kilo 20.

Mizizi usiing'oe kamwe. Vechi ikiwa katika maua, chimbua mche mmoja na upasue vinundu vya mizizi kwa ukucha: vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, vinafanya kazi ya kunasa naitrojeni kutoka hewani, vikiwa vyeupe au vya kijani, havifanyi. Mwezi Oktoba fyeka theluthi uliyoiacha na uilaze palepale bila kuifukia. Mvua za Novemba zikianza, usilime shamba zima, bali sogeza kando matandazo hayo kwenye mstari wa mahindi tu, chimba mashimo, uweke mbegu, na kwingine kote uache pafunikwe.