Jinsi ya kuandaa kituo cha watoto wadogo kabla afisa ustawi hajaja kukagua (hasa sisi wa Mbeya na Iringa)

Habari zenu walezi wenzangu. Naendesha kituo cha kulelea watoto mchana hapa Mbeya, na kila msimu wa ukaguzi dada zangu wa Uyole, Iyunga mpaka Mafinga huko wananipigia simu wamechanganyikiwa wanatafuta makaratasi. Karatasi zinatakiwa, sikatai, lakini vituo vingi ninavyoviona vikirudishwa havikwami kwenye faili, vinakwama chooni, jikoni na getini. Kwa hiyo huko ndiko nitakaa sana.

Hatua ya 1: Anzia ofisi ya ustawi wa jamii, kabla hata hujapaka rangi

Kituo cha mchana kinasajiliwa upande wa ustawi wa jamii kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 na kanuni zake. Darasa la awali ni habari nyingine, hilo lipo chini ya elimu, na kama una vyote viwili kwenye jengo moja sema mapema maana watu wanajenga kwa vigezo vya huku halafu wanakaguliwa kwa vigezo vya kule. Nenda halmashauri yako muone afisa ustawi, chukua fomu na orodha ya vigezo kutoka mkononi mwake, halafu mwombe kama anaweza kupita kuliona jengo hata kabla halijakamilika. Wengi wanakubali, tena wanapenda kuulizwa. Ukitoka hapo pita kwa mtendaji wa mtaa, afisa afya na zimamoto, kwa sababu mkaguzi atataka kujua na wao wamesemaje. Usikopi faili la kituo cha jirani, jengo lake sio lako.

Hatua ya 2: Mafaili

Hapa pafupi. Kila mtoto awe na faili lake: fomu ya kujiunga, nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala ya kadi ya kliniki, namba za simu za wazazi, na kama kuna chakula au dawa inayomdhuru iandikwe kwa kalamu nyekundu juu kabisa. Kwenye kadi angalia chanjo, hasa ya surua na rubella ambayo inatolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18, hiyo ya pili ndio wazazi wanaisahau sana, mwambie mama ampeleke mtoto kliniki. Mafaili ya walezi yawe na vyeti vyao, mkataba na majibu ya kupima afya. Na kiwepo kitabu cha matukio, mtoto akianguka mnaandika saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, mzazi kaambiwa saa ngapi. Kitabu cheupe kisicho na tukio hata moja mwaka mzima hakuna mkaguzi atakayekiamini, watoto wanaanguka kila siku.

Hatua ya 3: Piga magoti ukague mwenyewe

Sisemi kwa mfano, piga magoti kweli uzunguke kituo chote kwa kimo cha mtoto wa miaka miwili. Utaona soketi za umeme ambazo ukisimama zimejificha nyuma ya meza, utaona msumari umechomoza chini ya benchi, ndoo ya maji imeachwa wazi mlangoni. Hiyo ndoo usiichukulie poa, mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya ndoo. Dawa za kusafishia choo na mafuta ya taa zipande juu na zifungiwe. Vya kuchezea navyo, chukua lile boksi la ndani la toilet pepa, kitu chochote kinachopita humo mtoto anaweza kupaliwa nacho, kitoe. Vizibo vya soda vinavyopendwa sana kufundishia kuhesabu, vibaki kwa wakubwa.

Hatua ya 4: Baridi, na lile jiko la mkaa

Hii naomba msome vizuri. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu baridi ni kali, na kuna vituo wanawasha jiko la mkaa wanaliingiza chumba cha kulala watoto, wanafunga madirisha ili joto lisitoke, watoto wanalala usingizi mzito kila mtu anafurahi. Ule mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtoto aliyelala hawezi kukwambia kichwa kinamuuma. Unaweza kuwapoteza watoto bila kusikia hata kilio. Mkaguzi akiliona jiko chumbani una haki ya kufungiwa, lakini hata asipoliona, litoe leo. Hata lile lililobaki makaa mekundu tu bila moshi ni hatari ileile.

Badala yake: ziba nyufa za dari na chini ya milango, acha dirisha moja la juu wazi kidogo, godoro lisigusane na sakafu ya simenti, weka mkeka mnene au chaga chini yake. Kila mtoto alete sweta ya akiba na soksi. Asubuhi wakae juani kwanza, masomo ya ndani yasubiri.

Hatua ya 5: Choo na maji

Matundu madogo ya kimo chao au poti, safi, na milango isiyojifunga kwa ndani. Maji ya kunawa yawe yanatiririka, kama bomba halifiki hapo tengeneza vibuyu chirizi, ni dumu, kamba na kijiti, afisa afya anavikubali. Msimu wa baridi changanyeni na maji ya moto kidogo, la sivyo watoto wanachovya kidole wanakimbia na sabuni inakaa wiki nzima haijaguswa. Mkaguzi akiiona hiyo sabuni kavu anajua kila kitu.

Hatua ya 6: Jikoni

Mpishi awe na majibu ya kupima afya ambayo hayajapitwa na muda. Mtungi wa gesi ukae nje ya chumba cha kupikia, mtungi wa kuzimia moto sindano ya kipimo chake iwe kwenye kijani na walezi wajue kuutumia.

Ratiba ya chakula ibandikwe na ifuatwe. Mikoa yetu inalisha nchi, lakini utafiti wa afya wa taifa wa 2022 umeonyesha Iringa zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, na Njombe nusu hivi. Inauma sana. Kwa hiyo uji mtupu wa sembe usiuite chakula wakati maharage, maziwa, mboga na maparachichi yapo sokoni hapo. Unga wa lishe, chambueni karanga na mahindi yenye ukungu kabla ya kusaga, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kuchemsha.

Hatua ya 7: Walezi na geti

Mkaguzi anaweza kumvuta mlezi pembeni akamuuliza mtoto akipaliwa unafanyaje, moto ukiwaka mnatokea wapi, ukiona alama za kipigo mwilini mwa mtoto unamwambia nani. Fanyeni mazoezi ya kutoka nje, filimbi ikilia wote chini ya mti mmoja na kuhesabiwa. Namba zikae ukutani: zimamoto 114, simu ya mtoto 116. Fimbo isiwepo kabisa, sio ifichwe.

Getini saa kumi jioni ndio pagumu. Bajaji zinapiga honi, dereva anasema nimetumwa na mama Neema. Mtoto asitoke mpaka jina la huyo dereva liwe kwenye daftari na mzazi kasaini. Hajaandikwa, piga simu, hata kama anakasirika na abiria wengine wanasubiri.

Siku yenyewe

Usiwarudishe watoto nyumbani eti kituo kionekane safi, na usiazime magodoro kwa mwenzio, afisa huyohuyo kesho anakwenda kwake. Bahasha usiandae. Kama kuna kitu hakijakamilika kiseme mwenyewe na useme lini kitakamilika. Akimaliza mwombe aandike mapungufu na tarehe ya kurudi, baki na nakala, na jioni hiyohiyo kaa na walezi mgawane nani anashughulikia kipi.