Karatasi ya mgomba bila gundi

Mgomba ukishakatwa mkungu huachwa uozee shambani. Hapa Kasulu hiyo ndiyo mali ghafi yangu.

Hatua ya 1. Bandua maganda ya shina, yakamue maji, kisha katakata vipande vya sentimita 3 hivi.

Hatua ya 2. Chemsha kwa muda wa saa 3 katika maji yenye kostiki, ileile wanayopikia sabuni ya mawese, gramu 10 kwa kila lita. Vaa glavu. Kostiki ndiyo hutiwa kwenye maji, usije ukageuza. Sufuria ya alumini weka mbali, italiwa. Tumia chungu cha chuma. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi: hiyo ni lignini na hemiselulosi, udongo uliokandikwa kati ya fito za ukuta wa seli. Fito zenyewe, yaani selulosi, hubaki.

Hatua ya 3. Suuza mpaka utelezi uishe.

Hatua ya 4. Twanga kwenye kinu. Hapa usiwe mvivu, na nitakwambia kwa nini.

Karatasi zangu za kwanza nilizitia uji wa muhogo ziwe na gundi. Panya walizimaliza. Ajabu ni kwamba wanga wa muhogo na selulosi ya mgomba vyote ni glukosi tupu, yaani aina ya sukari. Tofauti ni jinsi zilivyoungana kuwa mnyororo. Kwenye wanga zimeungana kwa namna inayoufanya mnyororo ujiviringe, na tumbo la panya linaufungua. Kwenye selulosi kila glukosi imepinduliwa kinyume cha jirani yake, mnyororo ukanyooka kama ufito, glukosi maelfu kwa maelfu. Minyororo iliyonyooka hulala ubavu kwa ubavu, haidrojeni ya mmoja ikivutwa na oksijeni ya mwenzake. Kifungo kimoja ni dhaifu. Vikiwa vingi, hata kostiki ya moto haivifumui.

Mchi huchambua nyuzi zitoe vinyweleo, na kila kinyweleo ni mahali papya pa kushikana. Ndiyo gundi yenyewe.

Hatua ya 5. Koroga rojo kwenye beseni la maji, inua kwa wavu wa dirisha, anika. Maji yakitoka, nyuzi husogeleana na kushikana.

Ijaribu: lowesha kipande, vuta. Kitaachia, kwa sababu maji yamejipenyeza kati ya uzi na uzi. Ndani ya uzi minyororo iko palepale, kwa hiyo usitupe. Rudisha kinuni.