Kabla Hujaisugua Rangi ya Gari: Maandalizi kwa Mwenye Mfuko Mdogo

Gari jeusi likiwa kivulini hudanganya. Linang'aa, mwenyewe unaridhika, mpaka siku unalitoa juani mchana na boneti nzima inaonekana imejaa vimistari vya mviringo, kama utando wa buibui uliofumwa kulizunguka jua lenyewe. Wengi wetu hapo hapo hukimbilia dukani kununua kopo la kompaundi, ile polishi nzito ya kusugulia rangi, na kuanza kusugua. Nakuomba kopo hilo lisubiri kidogo, kwa sababu kazi hii ikiharibika, mara nyingi imeharibikia kwenye mambo ambayo mtu hakuyafanya kabla ya kulifungua.

Magari mengi ya miaka hii yana tabaka kadhaa juu ya bati: praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, kisha klia, ile rangi isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Zote kwa pamoja, gari likitoka kiwandani, huwa kama mikroni 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50. Unywele wa mtu ni kama 70. Kwa hiyo ngozi unayotaka kuisugua ni nyembamba kuliko unywele wako, na polishi haijazi mkwaruzo kama watu wanavyodhani. Inachofanya ni kuipunguza klia iliyo kandokando ya mkwaruzo mpaka ilingane na sakafu yake. Kila ukipolishi unachota kwenye akiba isiyoongezwa, ila kwa kupuliza rangi upya, na gharama ya kupuliza ndiyo hasa unayoikimbia.

Jua kwanza unachokitazama

Subiri giza, au ingiza gari mahali penye kivuli kizito, kisha washa taa ya simu na kuisogeza polepole juu ya bati. Vimistari vyepesi vya mviringo vitajitokeza kuizunguka nuru. Hivyo ndivyo vilivyoletwa na vitambaa vichafu, kufuta vumbi kwenye gari kavu, na brashi za kuoshea. Viko juu juu tu na vinatoka bila tabu. Mistari mirefu ya pekee ndiyo inayotaka uchunguzi.

Pitisha ukucha taratibu, ukiukata mkwaruzo kwa kukingama, si kuufuata. Ukipita bila kunasa, mkwaruzo uko ndani ya klia na una matumaini. Ukinasa, ni wa kina. Unaweza kulainisha kingo zake usionekane sana, lakini usiusake mpaka ufutike, maana utaimaliza klia kabla yake. Kisha mwagia maji. Mkwaruzo unaopotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka kwa kawaida ni wa klia. Unaobaki mweupe, wa kijivu au wenye kutu hata ukilowa umeshafika kwenye praima au bati, na huo si wa polishi tena, ni wa rangi ya kugusia, ile unayoipaka kidogo kidogo kuziba alama.

Kuna kitu cha tatu kinachofanana na mkwaruzo na si mkwaruzo. Niliwahi kusugua mstari mweupe kwenye bampa ya nyuma kwa karibu nusu saa, mkono ukaniuma, na mahali pale pakafifia kuliko pengine pote. Kumbe ilikuwa rangi ya nguzo ya geti iliyobaki juu ya klia yangu. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kiliiondoa dakika mbili tu, nikaosha kwa sabuni, yakaisha. Tangu siku hiyo kila mstari wenye rangi isiyo ya gari langu naupa kwanza mafuta ya taa. Thina sisogezi karibu, kwa sababu inaweza kuyeyusha hata rangi njema.

Halafu kuna klia iliyokufa. Ukiona sehemu zimebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, au mabaka meupe yenye kingo unazoweza kuzihisi kwa kidole, hakuna polishi itakayoyafufua. Ukisugua pale, kingo zitazidi kubanduka. Kubali kwamba paneli hiyo itasubiri fundi wa rangi, na nguvu zako zielekeze kwenye zile zilizo hai. Rangi iliyopauka tu, bila kubanduka, ni habari nyingine. Hasa kwenye magari ya zamani yasiyo na klia, hiyo hurudi vizuri sana. Utalijuaje gari lisilo na klia? Sugua kidogo mahali pasipoonekana kwa kitambaa cheupe chenye polishi. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hakuna klia hapo, na kila unachokiona kwenye kitambaa ndiyo rangi inayokwenda.

Historia ya paneli

Kama gari ulilinunua likiwa limetumika, usiamini kwamba rangi yake yote ni ya kiwandani. Angalia mipira ya madirisha na kingo za ndani za milango: mstari wa tepu au vumbi la rangi lililogandia humo ni ushahidi kwamba kuna siku ilipulizwa. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini nayo husema mengi. Ikishika mlango mzima kisha ikalegea mahali pamoja, pale chini kuna puti, ule ujazio wa fundi wa kusawazisha bati lililobonyea. Ila kumbuka haishiki bampa ya plastiki wala paneli ya alumini, usije ukashtuka bure. Ukiweza kuazima kipimo cha unene wa rangi, azima. Hutahitaji kukinunua kwa kazi ya siku moja, na hakisomi kwenye plastiki ila kama ni cha aina ya ghali.

Paneli iliyopulizwa juzi juzi iache kwanza. Rangi mpya inahitaji muda wa kukomaa, na waksi, yaani nta ya kinga na mng'ao, juu yake huzuia viyeyushi visitoke. Mafundi wengi husema siku 30 hadi 90. Muulize aliyeipuliza.

Pesa kidogo zinaenda wapi

Watu wengi hutumia karibu pesa zote kwenye chupa, kisha wanafutia fulana ya zamani. Mimi nageuza. Chupa moja ya polishi ya ukali wa kati inatosha kwa gari zima, na ile ya hatua moja, inayokata kidogo na kuacha kinga kidogo, inamfaa sana anayefanya kwa mkono. Zilizobaki zipeleke kwenye vitambaa vya maikrofaiba, na viwe vingi: walau 8 hadi 10. Kitambaa kimoja ukikikunja mara mbili kinakupa nyuso 8 safi, na hesabu hiyo ndiyo itakayokuzuia kufutia upande ambao umeshajaa mabaki. Vifue kabla ya kuvitumia hata kama ni vipya, bila kilainishi cha nguo, na ukate lebo iliyoshonwa pembeni. Lebo hiyo ngumu inakwaruza klia vizuri sana, sijui kwa nini bado wanaishona.

Mashine? Kama utanunua au kuazima, tafuta ile inayozunguka huku ikiyumba, kwa kuwa pedi yake hupunguza mwendo ukiikandamiza na ni vigumu kuunguza rangi kwayo. Grinda yenye pedi ya sponji ndiyo inayoumiza magari. Grinda ya kawaida inakwenda mizunguko 10,000 kwa dakika na zaidi, ilhali mashine ya kupolishi inayozunguka moja kwa moja hufanya kazi kati ya 600 na 3,000 hivi. Joto la tofauti hiyo linaitoboa klia kwenye ukingo wa boneti kabla hujamaliza kushangaa. Bila mashine, mkono unatosha kwa utando mwepesi na kwa mikwaruzo michache. Ila uwe mkweli kuhusu muda: gari zima kwa mkono ni kazi ya siku mbili, na anayejilazimisha kulimaliza kwa siku moja hulimaliza vibaya. Boneti na milango ya mbele ndivyo vinavyoonekana. Anzia hapo.

Dawa za meno, siki na mafuta ya kupikia ziache jikoni na bafuni. Dawa ya meno ina chembe za kusugua kweli, na inaweza kufifisha alama nyepesi, lakini chembe hizo hazikupimwa kwa ajili ya klia. Mafuta yanajaza mkwaruzo kwa siku chache tu kisha unarudi. (Ndiyo sababu gari linalouzwa linaweza kung'aa ajabu Jumamosi na kuonekana limechakaa baada ya kuoshwa mara mbili. Ukienda kununua, omba lioshwe kwanza.)

Usafi kabla ya polishi

Hapa sina haraka, kwa sababu hapa ndipo kazi inapoharibika. Chembe moja ya mchanga ikinaswa chini ya pedi yako itachora mikwaruzo mipya, mibaya kuliko ile uliyokuja kuiondoa. Suuza gari zima kwanza kwa maji mengi, mchanga uanguke wenyewe. Kisha tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu, na kila ukipitisha glovu au kitambaa kwenye paneli kisuuze kwenye ile ya pili kabla hakijarudi kwenye sabuni. Mwisho wa kuosha tazama chini ya ndoo ya maji matupu; ule mchanga uliotulia pale ungekuwa juu ya boneti. Anza juu, maliza chini, na magurudumu yawe na kitambaa chake. Sabuni ya unga ya kufulia isiguse gari. Sabuni ya maji ya vyombo huvua waksi ya zamani, basi mara hii moja kabla ya polishi haina neno, ila isiwe desturi.

Gari likikauka, ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki na kulipapasa bati. Plastiki hukuza kila kipele. Utahisi kama msasa laini mahali ambapo jicho halioni kitu: ni vumbi la breki, lami, utomvu wa miti. Lami na utomvu huanza na mafuta ya taa. Vilivyobaki huondolewa na klei ya magari, kidonge laini kama udongo kinachonasa uchafu. Ikande mpaka iwe laini, nyunyiza maji ya sabuni kwa wingi, kisha iteleze kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Ikianza kutulia kimya chini ya vidole badala ya kukwaruza, pale pameisha. Kunja upande safi, endelea. Ikikuanguka chini itupe, hata kama kipande ndiyo kwanza umekifungua. Najua inauma.

Mahali, saa na mwili wako

Fanya kazi kivulini na bati likiwa limepoa. Weka kiganja juu ya boneti. Kama huwezi kukiacha pale kwa raha, ni mapema mno, polishi itakauka kabla haijafanya kazi na kuacha madoa magumu kufuta. Upepo wenye vumbi uahirishe kazi. Kwa tepu ya karatasi, funika plastiki nyeusi, mipira, na hasa kingo za paneli na mikunjo ya bati la milango, maana rangi hukaa nyembamba zaidi kwenye ncha. Polishi ikikaukia kwenye plastiki nyeusi yenye vinyweleo, utaikuta nyeupe humo miezi na miezi.

Vua saa, pete, na mkanda wenye kifungo cha chuma, au shusha fulana ifunike kifungo hicho. Unapoinama juu ya boneti kufikia katikati, kitu cha kwanza kugusa rangi ni tumbo lako. Waya wa mashine upite begani, na kiunganisho kisilale kwenye maji uliyomwaga ukiosha. Miwani na barakoa pia, hasa ukiwa na mashine.

Mkwaruzo unaohitaji rangi ya kugusia ushughulikie kabla ya waksi, kwa sababu waksi na bidhaa zenye silikoni huifanya rangi mpya ikimbie na kuacha vishimo. Nambari ya rangi iko kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Jaza kwa kijiti cha kuchokolea meno, tabaka jembamba baada ya jembamba, kila moja ikauke, badala ya tone moja nene litakaloachia kifundo.

Sasa ndipo ulifungue kopo. Chagua mraba wa sentimita 40 kwa 40 mahali pasipoonekana sana, uzungushie tepu, na ujaribu kitu laini kuliko vyote ulivyo navyo: pedi laini, polishi laini. Futa, kisha pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kama sehemu moja kwa nne, maana polishi nyingi zina vijazio vinavyoficha alama kwa muda. Rudisha taa ya simu juu yake. Kama utando umepungua kwa zaidi ya nusu, hiyo ndiyo kazi yako kwa gari lote, usipandishe ukali kuwinda vilivyobaki. Kama haujapungua, panda ngazi moja tu na ujaribu mraba mwingine pembeni. Tepu ya mraba wa kwanza iache hapo hapo mpaka mwisho, upate pa kulinganishia.