Somo: namna ya kuchagua ekuteri ya kuingiza mu sikio, ya muziki na ya safari

Jambo yenu wote. Tangu niliandika asema nimebadirisha ekuteri, watu mingi munanifata pembeni munaniuliza marke gani, bei ngapi, nilinunua wapi hapa Bukavu, basi leo naandika yote pamoja. Marke nitaisema kidogo sana, juu marke haiko kitu ya kwanza. Kitu ya kwanza ni sikio yako.

Niwaambie kwanza vile ilianza. Nilipanda bato ya usiku ya kwenda Goma, nikapata nafasi chini, karibu na moteri, na nilikuwa na zile ekuteri za plastiki ngumu zenye zinakaaka tu ku mulango wa sikio, haziingie ndani. Moteri inanguruma, mi naongeza volimu, moteri inanguruma, naongeza tena, mpaka nikafika mwisho, na usiku yote nikasikiliza vile. Asubui nashuka ku port ya Goma masikio inalia nyiiii, watu wananisemesha nasikia kama wako ndani ya pipa, na ile sauti haikutoka mpaka muchana. Niliogopa sana, kabisa. Njo pale nilielewa asema shida yangu haikukuwa ekuteri kukosa nguvu, shida ilikuwa makelele kuingia.

HATUA YA 1: Ujue utasikilizia wapi

Mutu mwenye anasikilizia mu chumba, usiku, kimya, anaweza tumia karibu ekuteri yoyote. Lakini sisi wa bato, wa bisi ya Uvira yenye inashuka Ngomo, wa kungojea mu parking saa mbili, tunahitaji yenye inafunga. Ile ya kuingia ndani ya shimo ya sikio na kamupira kake inazuia makelele yenyewe, bila batri, sawa vile unaziba chupa na kifuniko. Haiko kitu ya jana: kampuni moja ya Marekani, Etymotic, ilitoa ekuteri yake ya ER-4 mu 1991, na yenyewe ilikuwa inatokea mu kazi ya kupima masikio ya watu. Idea ni ile ile mpaka leo: ufunge sikio kwanza, kisha hautahitaji kupandisha sauti.

Ku moto (pikipiki) na ku barabara kwa miguu, hapana. Narudilia, hapana. Ekuteri yenye inafunga muzuri inafunga pia honi ya kamio. Kama lazima, weka upande moja tu, na sauti chini.

HATUA YA 2: Mipira (hapa musome polepole)

Watu wananunua ekuteri ya dola 20, ndani ya karto kuko mipira ya saizi tatu, ndogo, ya katikati na kubwa, na wanaacha tu ile yenye ilikuja ku ekuteri. Kisha wanasema "haina besi". Besi inapotea juu hewa inatoka! Sauti ya chini inahitaji shimo ifungwe, kama kuko kanafasi kadogo tu kati ya mupira na sikio, besi inakimbia, unabaki na sauti nyembamba ya kukata masikio, na wewe unaongeza volimu, tunarudi paka kulekule ku bato yangu.

Namna ya kuvaa: mukono wa kuume upitishe nyuma ya kichwa, ushike sikio ya kushoto, uivute juu na nyuma kidogo, shimo inanyooka. Mukono wa kushoto unaingiza ekuteri na kuizungusha polepole. Ukiachilia sikio unasikia dunia imepungua. Kama haijapungua, badirisha saizi. Na musishangae kama kushoto unahitaji ya katikati na kuume kubwa, masikio mbili ya mutu haziko lazima sawa, mi mwenyewe niko vile na nilikaa miaka bila kujua.

Namna ya kujua kama imefunga: weka wimbo yenye uko na besi, kisha sukuma ekuteri ndani kidogo na kidole. Kama besi inaruka ghafla, ilikuwa haijafunga. Kama hakuna kitu inabadirika, iko sawa.

Mipira ya silikone inaoshwa na maji ya vuguvugu na sabuni (uitoe kwanza ku ekuteri, tafazali) na inakaa sana. Ile ya sponji unaifinya na vidole mpaka inakuwa nyembamba, unaingiza, unashikilia karibu nusu dakika mpaka ivimbe ndani. Inazuia makelele zaidi na haiumize kama unalala, lakini inakunywa jasho na vumbi, kisha miezi fulani inakuwa nyeusi, inakatika, lazima ununue ingine. Ku safari ya bato mi navaaka sponji, ku kazi silikone.

HATUA YA 3: Ya waya ao ya blututi

Hapa kila mutu na maisha yake. Tangu iPhone 7 ilitoka mu 2016 bila tundu ya jaki (ile ya mviringo ya kuchomeka ekuteri ya waya), telefone mingi za bei zilifata, lakini hizi zetu za bei ya chini mingi bado ziko nayo, uangalie yako mbele ya kununua kitu. Kama telefone yako iko paka na tundu ya USB-C unaweza tumia adaptateri, lakini ujue kuko aina mbili, kuko yenye iko na kachipu ndani ya kutengeneza sauti na kuko ya bure bure yenye inapitisha waya tu, na hii ya pili ku telefone zingine haitoe hata sauti moja. Jaribisha na telefone yako palepale, usiseme "nitaona ku nyumba".

Mi niko mutu wa waya mu safari. Sababu ni rahisi: umeme. Usiku muzima ku bato hauna pa kuchajia, na telefone yenyewe unaichungia mafuta ya kupigia ndugu wakupokee asubui. Ya waya haiombe kitu. Tena zile ndogo mbili za blututi kila moja iko na kabatri kadogo ndani, na batri ya vile inazeeka, mara nyingi kisha miaka mbili ao tatu yenye ilikuwa inafanya saa tano inafanya mbili, na kuifungua kuibadirisha ni kazi ngumu sana. Na moja ikiangukia mu ziwa, imeenda, uko na upande moja.

Lakini blututi iko na mazuri yake, siwezi danganya. Hakuna waya ya kunasa ku mulango wa bisi, na kwa mutu mwenye anafanya sport iko bora. Ukinunua ya vile angalia ku karto kama iko IPX4, inavumilia jasho na matone ya mvua. IPX4 haiko ya kuogelea nayo.

Kwa wenzangu wa waya, uchague yenye waya inatoka ku ekuteri, inachomolewa. Waya njo inakufaka ya kwanza, karibu kila mara pembeni ya fishi, ile yenye inaingia mu telefone. Zingine ziko na pini mbili za 0.78 mm, zingine na ile ya kuzunguka yenye inaitwa MMCX, hazipatane, ukinunua waya ya kubadirisha ujue yako ni gani. Na ile waya uipitishe juu ya sikio, inazungukia nyuma, haining'inie chini ya kidevu. Inapunguza yale makelele ya tuk tuk waya ikigusa shati.

HATUA YA 4: Maneno ya ku karto

"20 Hz–20 kHz", ni kusema kutoka sauti ya chini mpaka ya juu yenye sikio inasikia, inaandikwa ku karibu karto yote, ya dola 2 na ya dola 200, haikuambie kitu. "Super Bass" ni matangazo. Hesabu ya spika ndogo za ndani, mbili, inne, kumi, nayo isikutishe, kuko ekuteri ya spika moja yenye ilitengenezwa muzuri inapita ya kumi yenye ilichanganywa mbaya. Kwa telefone angalia om, kipimo cha namna ekuteri inakataa umeme: kati ya 16 na 32 telefone inaisukuma bila shida. Yaliyobaki uyaachie masikio.

HATUA YA 5: Ku muuzaji

Nyawera, Kadutu, Feu Rouge, popote utaenda, enda na telefone yako, na mipira YAKO yenye ni safi ndani ya kasashe. Usiingize mu sikio mupira yenye watu kumi waliingiza asubui, magonjwa ya sikio inapita vile. Mi naombaka muuzaji kwa heshima, "papa, niweke yangu", bado sijapata mwenye alikataa.

Piga wimbo wenye unajua mpaka pumzi za mwimbaji, usikubali wimbo wa muuzaji. Kisha weka mutu anasema tu, habari ya redio ao mahubiri: kama sauti ya mutu inakuwa kama iko nyuma ya mulango, acha. Pindisha waya polepole pale pembeni ya fishi wakati muziki inapiga, kama inakata kata, rudisha. Jitumie sauti ku WhatsApp ujue kama mikro inasikilika. Na kama ni jina kubwa lenye kila mutu anajua, na bei ni ya karanga, si yenyewe.

HATUA YA 6: Volimu

Shirika la afya la dunia, OMS, linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) mutu anaweza sikiliza masaa 40 mu juma. Ikipanda mpaka 90, yanabaki masaa 4 tu. Yaani bato moja ya usiku kwa volimu ya mwisho inaweza pita yenye sikio ingevumilia juma nzima. Na yenye imekufa ndani ya sikio hairudi, hakuna dawa yake ku farmasi. Mi nafanyaka hivi: ku nyumba, kimya, naweka volimu yenye inanitosha, naangalia ni kakipimo ka ngapi, na ku safari napita hapo kamoja ao tubili, basi. Kama unahitaji zaidi, mipira haijafunga, rudi ku hatua ya 2.

MASWALI YENU

Mama mumoja wa Kadutu: Aksanti mwalimu. Mutoto wangu wa miaka 12 ananililia ekuteri kila siku, nimunulie ao nikatae?

Mama, munulie, mukikatalia ataazima za wenzake chafu. Lakini kwa watoto OMS inashusha, inasema desibeli 75 kwa yale masaa 40. Mu telefone mingi, ku mipangilio ya sauti, kuko nafasi ya kuweka mupaka wa volimu, muiweke nyinyi wenyewe mama na muifunge na namba ya siri. Na mipira ya saizi ndogo, shimo yake ni nyembamba, ya katikati itamuumiza na ataitupa.

Mwanafunzi, Nguba: Yaya, yangu upande wa kuume umekuwa muchini kuliko kushoto, imekufa?

Mudogo wangu, bado usitupe. Toa mupira, angalia kale kawavu mbele ya sauti, mara mingi ni nta ya sikio yenye imeziba. Elekeza tundu chini, sugua na burashi ya meno mukavu, polepole, usichome na sindano. Kama haijapona geuza: weka ya kuume mu sikio ya kushoto. Upande wa muchini ukihama na ekuteri, ni ekuteri. Ukibaki ku sikio ileile, basi ni sikio, enda ku munganga aangalie, usingoje.

Shoferi, laini ya Uvira: Kuko zenye zimeandikwa ANC, wanasema zinakula makelele zenyewe. Kweli?

Kweli, mukubwa. Iko na kamikro kanasikia makelele ya inje na inatengeneza sauti ya kuipinga. Inaweza sana nguruma ya chini yenye haikatike, kama moteri ao ndege. Mutoto akilia kiti ya nyuma ao mutu akipiga kelele, haiwezi sana, pale mupira njo unasaidia. Kwa hiyo ANC na mupira mbaya ni pesa ya bure. Lakini nyinyi wa usukani, nawaomba, musivae yoyote mukiendesha.

Muuzaji, Nyawera: Mwalimu unatuharibia soko. Watu wanakuja wanataka besi tu, na hawana dola 20, wako na 3.

Ndugu yangu, nakuelewa, nami nimenunua za 3 miaka mingi. Mwenye ana 3 anunue yenye inaingia ndani ya sikio na iko na mipira ya saizi tatu, na wewe umuonyeshe namna ya kuchagua. Ile besi anaitafuta ataipata palepale mbele yako, bila kuongeza franka. Tena uza mipira peke yake, na ya sponji! Nimezunguka Nyawera yote siipate, niliagizia mutu Goma. Ukileta, mi nitakuwa mutu wa kwanza.

Mama wa Bagira: Mi naumwa ndani ya sikio kila nikivaa, na inawasha. Nilianza kusafisha na pamba.

Mama, ile pamba tuiache leo, inasukuma nta ndani zaidi na inakwaruza. Pumzisha masikio siku fulani bila ekuteri, osha mipira, ikauke kabisa mbele ya kuirudisha. Kama inaendelea kuwasha ao inatoa maji, ni munganga wa masikio. Ikipona na mukirudilia, jaribu saizi ya chini yake, kuumia mara mingi inatokana na mupira mukubwa.